Mfano Mmoja wa Breki

Benchi la kijiwe hiki limo ndani ya maji. Ni benchi la saruji lililojengwa kuzunguka birika la maji ya moto, nyuma ya bwawa la kuogelea la mji, na wanaolikalia huzama mpaka mabegani wakabakiza vichwa tu, kila kichwa na kofia yake ya sufu. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unatoka baharini na kuwatupia mvua ya barafu usoni, na Aisilandi ikiamua kuwa hivyo, mwenye akili timamu hukaa ndani. Wazee hawa walikuwa wamevua nguo, wakaoga kwa sabuni kama sheria ya bwawa isemavyo, wakakimbia peku mpaka birikani ili wapate kubishana. Kahawa huletwa na Gudny, msimamizi wa bwawa, kwenye chupa kubwa, nayo haiuzwi. Ikiisha, kijiwe kimefungwa.

Bergur, fundi mitambo mstaafu wa meli za uvuvi, alikuwa ameinua mkono mmoja juu ya maji kama mwanafunzi anayejua jibu, ila yeye jibu hakuwa nalo. Alichoshika ni karatasi ndani ya mfuko wa plastiki wa kugandishia samaki. Rafiki yao Ketill, waliyemwita Breki, alikuwa anazikwa Jumamosi. Na nchi ile mtu akifa, marafiki humwandikia makala gazetini, na siku ya maziko watu hufungua kurasa hizo kabla hawajapaka mkate siagi, waone nani kaandikiwa nini. Breki hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na dada yake alishamtangulia. Kijiwe kisipomwandikia, basi ataingia kaburini bila hata mstari, na gazeti lilikuwa linafunga mlango saa sita mchana siku hiyo. Bergur hajapata kuandika kitu kirefu kuliko taarifa ya pampu iliyoziba. Lakini walifanya kazi meli moja, yeye chini kwenye mashine na Breki jikoni, na wenzake walipomgeukia alishindwa kusema hawezi.

— Soma basi, mkono usije ukaganda, alisema Solvi, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio, kwa kuwa hazimwi.

Bergur akakohoa, akasoma.

— "Ketill alikuwa mtu mwema. Alikuwa mkarimu, jasiri, mcheshi na rafiki wa kweli. Pengo lake halitazibika."

Ormur, dereva wa lori mstaafu, akajifuta jicho. Huenda ulikuwa mvuke.

— Nzuri sana, alisema. Fupi, tamu. Mcheza kwao hutunzwa.

— Ya nani hiyo? aliuliza Hallbera, mwalimu mstaafu.

— Ya Breki, Mwalimu.

— Futa jina lake uandike langu. Kitabadilika nini?

— Hapo kwenye ucheshi itabidi tupaguse, alisema Solvi.

— Nyamaza wewe. Mwezi uliopita meneja wa benki alikuwa mtu mwema, mkarimu, rafiki wa kweli. Kabla yake daktari wa mifugo, vilevile. Mji huu una watu wema wengi mno, na hawafahamiki mpaka wafe. Insha ni insha, Bergur. Ukitoa hoja, ipe mfano. Mkarimu. Mfano?

Nusu ya mji ililijua swali hilo. Hallbera alikuwa ameliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa insha zao zote, tangu Solvi akiwa na meno ya utoto, na kustaafu hakujampunguza hata kidogo. Bergur akatazama maji.

— Alikuwa anatupikia, alisema.

— Alikuwa analipwa.

— Alikuwa anatugawia viazi.

— Vingapi? aliuliza Solvi, naye alijua, mji mzima ulijua.

— Viwili viwili. Nahodha viwili, mimi viwili. Basi kuna usiku nimetoka zamu, bahari imetuchafukia siku nzima, nikamwomba cha tatu.

— Akakupa?

— Akaniambia, "Hiyo si njaa, ni upweke. Nenda kamwandikie mkeo."

— Ukaenda?

— Nilikwenda. Nikaandika mistari miwili, nikalala.

Wakacheka, na Hallbera naye akacheka, kisha akajikumbuka.

— Sasa huo ni mfano, alisema. Mfano mzuri tu. Ila ni mfano wa nini? Maana wa ukarimu siyo.

— Wa uchoyo, alisema Solvi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Ormur.

— Hiyo ni ya kuweka akiba, Ormur.

— Si ndiyo hiyo, Mwalimu? Viazi aliviweka.

Bergur akakipangusa kimfuko chake. Alikuwa na hoja zisizo na mifano, na sasa kapata mfano usio na hoja, na saa ya ukutani pale kwa Gudny haikuwa inamsubiri mtu. Aliona aibu. Alimpenda yule mzee mbishi, hilo hakuwa na shaka nalo, lakini kila akijaribu kulitia kwenye maneno linatoka limevaa koti la meneja wa benki.

— Tuhame kwenye ukarimu, alisema Solvi. Chukua ujasiri. Si mnamkumbuka yule dubu mweupe aliyekuja na barafu? Breki alimtokea na sufuria tu, akamfukuza mpaka mlimani.

— Alikuwa kondoo, alisema Bergur.

— Kulikuwa na ukungu.

— Alikuwa kondoo wangu, alisema Ormur. Na wiki nzima hakurudi nyumbani.

— Hata kama ni kondoo, mtu anayemwendea akidhani ni dubu ana ujasiri wa dubu. Andika hivyo, Bergur.

— Usiandike, alisema Hallbera.

Ormur akasogeza kofia nyuma, ishara kwamba sasa anaingia yeye.

— Mimi nitawaambieni jambo, na mnisikilize. Yule hakuwa mtu wa kawaida. Bibi yake mzaa mama alitoka kwa wale watu wa ndani ya miamba, wasioonekana. Ndiyo maana maji haya hata yakiwa ya kuchemshia mayai yeye hashtuki, anakaa tu. Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo haizungumzii joto, Ormur.

— Inazungumzia damu, na maji. Haya ni nini?

— Sasa kama mmefika huko, alisema Solvi, basi mimi nina kubwa zaidi, nilikuwa naificha kwa heshima yake. Kuna mfalme, sitaji wa nchi gani, alipita bandarini kwetu akaonja supu ya samaki ya Breki. Akalia. Akamwambia twende ikulu. Breki akauliza, ikulu mnatia kitunguu saumu? Wakasema tunatia. Akachukua mwiko wake akaondoka.

— Mfalme akabaki na supu? aliuliza Ormur.

— Akabaki na sahani. Na msidhani mambo yaliishia pale. Mnajua ni kwa nini mikate yake ilikuwa migumu vile?

— Kwa sababu hakujua kuoka, alisema Bergur.

— Kwa sababu ndani mlikuwa na siri za serikali. Ule ugomvi wa maeneo ya kuvulia, mnadhani nani alikuwa anapitisha habari kutoka meli hadi meli? Mtu anapokea mkate, anaupasua kwa nyundo, anasoma. Breki ndiye aliyewaokoa samaki wa nchi hii. Na alikuwa na cheo. Cha siri. Sawa na jemadari.

Hapo Solvi akanyamaza, akakaa kama mtu anayesikilizia mlango. Ormur naye akasikilizia. Bergur alijikuta anafanya vilevile, masikio wazi, anangoja sauti ile nzito ya Breki iliyokuwa ikitoka kwenye mvuke na kusema, "Siyo kweli," bila ukali, bila maelezo, kisha mazungumzo yanarudi barabarani. Mvua ya barafu ikalia juu ya maji.

— Angekuwepo usingefika kwenye mikate, alisema Hallbera polepole.

— Nisingefika hata kwa mfalme, alisema Solvi. Angenikata kwenye sufuria.

— Sasa mbona umeendelea?

— Nani wa kunisimamisha, Mwalimu? Tangu afe nasema nipendavyo. Juzi nimesema nyangumi ameonekana barabarani, na nyie mkanywa kahawa. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Mtu anadanganya akijua kuna ukuta mbele. Ukuta ukiondoka unaogopa mwenyewe.

Gudny alipita na chupa, akaiinamisha juu ya kikombe cha Ormur, na kilichotoka hakikufunika hata kitako cha kikombe.

— Ndiyo ya mwisho hiyo, alisema Gudny. Na Bergur, gazeti limeshapiga simu. Nimewaambia unamalizia.

— Ninamalizia, alisema Bergur, kwa karatasi ambayo haijaanza.

— Basi andika hivyo, alisema Hallbera. Kwamba alikuwa breki yetu. Hiyo ndiyo hoja. Viazi vinaingia hapo, na huyu muongo na mfalme wake anaingia hapo.

— Hayo ni ya jinsi alivyokuwa, Mwalimu. Hayo nitayaandika. Mimi nataka kusema kwamba tunamkosa. Sasa niambie nitalisemaje. Nikiandika "tunakukosa", kila mtu huandika hivyo, na wewe utanipiga wino mwekundu.

— Nitakupiga.

— Mfano wake ni upi basi?

Hallbera akafungua mdomo. Mwanamke yule alikuwa na jibu la kila insha mjini, na Bergur alimwona analitafuta huku na huku usoni mwake mwenyewe, asilipate. Akaufunga mdomo na kuiteremsha kofia mpaka kwenye nyusi. Bergur alimhurumia, kisha akajihurumia na yeye.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Ormur kwa unyonge.

— Hiyo angalau umeiweka mahali pake, alisema Hallbera.

Mlango wa bafu la wanawake ukafunguka, akatoka Bogna, Mpolandi wa kiwanda cha samaki, aliyehamia mjini majira hayo hayo ya baridi. Siku zote alikuwa akiogelea bwawa kubwa na kwenda zake. Birikani kwa wazee hajawahi kutia mguu. Alikuja mbio na nguo ya kuogelea tu, kichwa wazi, barafu ikimrukia mabegani, akafika ukingoni akasimama. Alitazama upande mmoja. Wazee wanne walikuwa wamebanana bega kwa bega kwenye kipande kimoja cha benchi, Mwalimu kakunja magoti, Solvi kashikilia kikombe kidevuni kwa kukosa pa kupitisha kiwiko, na Ormur, ambaye Mungu hakumnyima mwili, tako moja liko kwenye benchi na jingine linaelea. Kisha akatazama upande wa pili. Kule ndiko maji ya moto yanakotoka ukutani kwa nguvu na kumkanda mtu mgongo, kona ambayo watu mjini wamenuniana kwa ajili yake. Mapovu yalikuwa yanachemka pale peke yao.

— Samahani wazee wangu, alisema Bogna. Hapo pana mtu?

Solvi, mwenye habari za wafalme, akawa hana habari. Ormur hakuwa na methali. Mwalimu Hallbera alitazama magoti yake. Kusema pana mtu ni uongo, na kusema hapana mtu hakuna aliyeweza, ulimi ulikataa. Bergur aliitazama kona ile, akatazama bega lake lilivyobanwa na bega la Solvi, na akajua kwa nini lilikuwa linamuuma kila akirudi nyumbani siku hizi. Hakuna aliyemwambia mwenzake asogee huku. Kila mmoja alikuja tu, asubuhi baada ya asubuhi, akajibana.

— Au nisimame tu? aliuliza Bogna, na meno yalikuwa yanagongana.

Bergur akainuka. Upepo ukamshika kifua, akahisi kila mfupa.

— Njoo ukae hapa pangu, binti, alisema. Pana joto.

— Sasa wewe unakwenda wapi na baridi hii? aliuliza Hallbera.

— Kuandika.

Mwalimu akamtazama, akatazama kona, na safari hii hakudai mfano. Alisogea kidogo, Bogna akateremka katikati ya Solvi na Ormur, wakabanana upya.

Bergur alikwenda peku mpaka kwenye meza ya Gudny, akaitoa karatasi mfukoni kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Akafuta mtu mwema, akafuta mkarimu, jasiri na mcheshi, akafuta na pengo. Maji yalikuwa yakimdondoka puani yakaangukia karatasini, lakini wino ulikubali. Akaandika: "Ketill, kona yako bado tumeiacha wazi, na Ormur anakaribia kuanguka."