Dirisha la Tano

Kijiwe cha Verkhoyar, makazi ya wachimba makaa kaskazini kabisa, hakina mti wala kivuli, na kivuli cha nini mahali ambapo jua halijaonekana tangu mwisho wa Novemba. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya bomba la maji moto, lile bomba nene linalotoka kwenye nyumba ya tanuri kwenda majengoni, limevishwa matambara na mabati. Ukikalia ubao ule makalio yanapata joto hata kama pua inataka kudondoka. Saa sita mchana taa za barabarani zinawaka. Waliokuwapo siku hiyo ni wale wale: Prokhor Savich, fundi mstaafu wa tanuri, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua, Shangazi Zina, anayeitwa Sanduku, kwa kuwa sanduku lake la safari lipo mlangoni kwake, limefungwa kamba, mwaka wa thelathini na moja sasa, na Arkadi Kwamuda, dereva wa zamani wa treni ya makaa, ambaye mpaka leo hajatundika pazia kwake kwa sababu yupo hapa kwa muda tu. Katikati yao alikaa mgeni, Timofei, aliyefika juzi kuendesha gari la kusukuma theluji. Mkewe na watoto wawili bado walikuwa kusini, na kabla ya saa saba alitakiwa kumpigia simu ampe anwani. Kontena lao lilikuwa stesheni, na stesheni hawapakii kontena lisilo na anwani.

Shangazi Zina akamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai.

— Kunywa, mwanangu. Baridi gani hii, nyuzi kumi na nane tu chini ya sifuri. Huku tunaita kiangazi.

— Asante, shangazi. Sasa niambieni, mnanishauri wapi? Nyumba tupu zipo kila mahali. Ofisini wameniambia nichague mwenyewe.

Prokhor akashika kikombe kwa mikono miwili. Kwa wiki nzima alikuwa amelala na kuamka na jambo moja. Ngazi, yaani nyumba zote za jengo zinazotumia mlango mmoja na ngazi moja, ikibaki na familia chini ya tano, wakubwa wanaifunga: maji yanakatwa, bomba linazibwa, na waliobaki wanapelekwa mjini kwenye vyumba vya watu wengine. Ngazi yake ilikuwa na familia nne. Ijumaa afisa wa majengo angesimama nje gizani, kama afanyavyo kila mwaka, ahesabu madirisha yenye taa. Mwaka jana Prokhor aliwasha taa kwenye nyumba tupu inayotazamana na yake, na afisa akapanda kugonga mlango, akampa mwaka mmoja tu. Aibu ile bado ilimchoma. Lakini Lidia wake alifia katika nyumba ile, kwenye kitanda kile kile, na Prokhor hakutaka kufia pengine.

— Njoo mtaani kwangu, Sosnovka, Arkadi akaanza. Hewa ya kule ni nyingine kabisa. Watoto wanarefuka mpaka unawanunulia viatu mara mbili kwa mwaka.

— Sosnovka si maana yake msitu wa misonobari? Timofei akauliza. Nimepita pale, sijaona hata kichaka.

— Itaota. Jina limetangulia.

— Mwache huyo, akasema Zina. Kule theluji inafunika madirisha ya chini mpaka Mei. Unaishi kama panya buku.

— Ndiyo uzuri wake! Ukifunikwa na theluji, pazia la nini?

— Ndiyo maana hujatundika.

— Sijatundika kwa sababu nakwenda Bara, dada. Mara ngapi nikwambie?

— Bara? Timofei akashangaa. Kwani hapa ni kisiwani?

Wote watatu wakamgeukia. Prokhor ndiye aliyemjibu, kwa upole, maana alishamwona ni mtu wa kuelimishwa.

— Umekuja kwa barabara?

— Hapana. Treni. Barabara hakuna.

— Basi upo kisiwani. Kila kilichoko chini ya hapa ni Bara. Utazoea.

— Mimi nasema Mtaa wa Vijana, akadakia Zina, kwangu. Maji ya pale yana chuma. Meno hayang'oki! Kuna mama mmoja amezaa pacha akiwa na miaka arobaini na saba, ni maji tu yale.

— Pacha hao wako wapi? Arkadi akauliza.

— Bara.

— Na mama?

— Bara pia. Sasa ulitaka wamwache?

— Kijana, sikiliza sayansi, Prokhor akasema, akajiinua kidogo kwenye ubao. Mtaa wa Tanuri, kwangu, ndipo pa kukaa. Ardhi ya huku imeganda, sawa? Lakini haijatulia, inateleza. Inateleza kuelekea kusini, sentimita mbili kila mwaka. Nimeipima mwenyewe, kwa nyufa za ukutani. Mtaa wa Tanuri uko mbele ya mitaa yote. Ukikaa pale, unasafiri bila tiketi. Ngoja tu, ipo siku utaamka umefika Bara, na nyumba yako, na jiko lako, na mkeo.

— Lini hiyo, Profesa?

— Sina haraka ya tarehe.

Arkadi akacheka mpaka akakohoa.

— Basi utamwahi Zina! Wewe na ufa wako mtafika kabla ya sanduku lake!

— Cheka, cheka, Zina akasema. Mimi ni mwezi wa tano tu, mafuriko yakipungua.

— Mwaka jana ulisema mwezi wa tano.

— Mwaka jana goti liliniuma.

Timofei hakucheka. Alikuwa na uso mpana wa mtu asiyejua kuficha kitu, na sasa uso huo ulikuwa umechoka. Akatoa simu, akaitazama saa, akairudisha mfukoni. Prokhor akaona huu ndio wakati. Akamsogelea.

— Nyumba inayotazamana na yangu ina vyumba vitatu, akasema taratibu. Kavu. Bomba linapita chini ya chumba cha watoto, sakafu yake ina joto, wanaweza kucheza pekupeku. Nililifunga bomba hilo kwa mikono yangu.

Hayo yalikuwa kweli, na kwa kuwa yalikuwa kweli Prokhor akajisikia vizuri kuyasema.

— Naona kama panafaa, Timofei akasema. Ila Raisa, mke wangu, ana swali moja. Ameniambia nisitaje anwani yoyote kabla sijalipatia jibu.

— Aulize tu, akasema Zina.

— Anataka kuongea na mwanamke aliyehamia huku na watoto. Amuulize habari za shule, za vifua, za nguo. Kwa hiyo familia ya mwisho kuhamia hapa kabla yetu, inakaa jengo gani?

— Hilo dogo, akasema Arkadi. Wale wa Sosnovka, yule mwenye kofia ya mbweha.

— Wale hawakuhamia, Zina akasema. Walihamishwa kutoka mgodini, Shimo la Saba lilipofungwa.

— Basi daktari wa meno.

— Alikaa majira mawili tu.

— Mwalimu wa muziki?

— Yule alizaliwa hapa. Na ameshaondoka.

Gari la theluji likapita mbali, taa yake ya njano ikizunguka. Arkadi alihesabu kwa vidole, akavikunja, akaanza upya. Zina akatazama kikombe chake. Kisha polepole, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Prokhor.

— Ni wewe, Savich, Zina akasema. Wewe na marehemu Lidia. Baada yenu hakuja mtu na watoto.

— Mwaka gani huo? Timofei akauliza.

Prokhor alikohoa.

— Ni miaka thelathini na miwili. Tulikuja kwa miaka mitatu tu.

— Na watoto wako wapi sasa?

— Bara.

Hakuna aliyecheka. Joto la bomba lilipanda kwenye mapaja ya Prokhor, joto alilolilinda maisha yake yote ya kazi, na kwa mara ya kwanza likamkera. Alimwona Lidia siku ile ya kwanza, kashika mkono wa binti yao, anauliza jua liko wapi, na yeye anamjibu kwamba litarudi. Akamfikiria huyu Raisa asiyemjua, aliyeuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa kijiweni hapo. Moyo ukamuuma kiasi cha kushindwa kukaa. Akasimama.

— Kijana. Nisikilize mimi, siyo Profesa. Hiyo habari ya ardhi kuteleza ni uongo. Ngazi yangu ina familia nne na Ijumaa wanatuhesabu, ndiyo maana nakutaka. Mpigie mkeo. Mwambie asipakie. Rudi ukakae kwenu huko huko.

— Savich! Zina akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Timofei akavua glavu apige. Kisha simu ikalia mfukoni mwake kabla hajaishika.

— Raya? Ndiyo. Nipo. Ndiyo, nimeuliza... Raya, ngoja kidogo. Bado usi... Wamepakia? Lini? Sasa hivi?

Sauti ya Raisa ilisikika hadi kwenye ubao, ya haraka, karibu na kilio. Karani alikuwa amemwonea huruma, akapandisha kontena bila anwani, na sasa anaitaka hapo hapo, treni inaondoka. Nyumba ya mama yake walishaikabidhi kwa mnunuzi asubuhi, na funguo. Amesimama stesheni na watoto na mabegi mawili.

Timofei akafunika simu kwa kiganja. Alimtazama Prokhor kama mtu anayemtazama daktari.

— Jengo lako ni namba ngapi?

Anwani ile Prokhor alikuwa ameirudia kichwani tangu juzi, akiipamba, akiichagulia maneno.

— Tanuri, kumi na moja, akasema. Ngazi ya pili. Nyumba ya arobaini.

Timofei akairudia kwenye simu, tarakimu kwa tarakimu. Halafu akageuka upande, akainamisha kichwa, akaongea kwa sauti ya kubembeleza, lakini kijiwe kizima kilimsikia.

— Usilie, Raya. Ni miaka mitatu tu. Tukimaliza mitatu, tunarudi.

Arkadi akatazama mabuti yake. Zina akaigeuza chupa juu ya kikombe cha mgeni, hakikutoka kitu, akaendelea kuishika vile vile imegeuzwa.

— Watoto wako wana umri gani? akauliza.

— Mkubwa ni wa kike. Ana miaka minane.

Prokhor hakutaka kuhesabu, lakini kichwa kilihesabu chenyewe: minane, na thelathini na miwili. Arobaini, kama mitatu yao itarefuka kama yake. Akatoa ufunguo wa nyumba tupu mfukoni, ule ule wa mwaka jana, akamwekea Timofei mkononi.