Ubeti Alioubakiza Shamsia

Basi la Matombo lilikuwa linakaribia Bigwa pale redio ya kijana mmoja, mbele yangu, ilipomtaja Shamsia. Wote tulimjua binti huyo kwa michezo ya redio. Sasa alikuwa amerekodi wimbo na bendi ya jazi, nao ukaanza kupigwa.

"Zima!" alifoka bibi aliyekaa kando yake. "Huo wimbo ni wa unyago. Mimi ndiye kungwi wake, nilimfundisha mlango umefungwa!"

"Shikamoo, bibi," kijana alijibu, kisha akaongeza sauti ya redio. Adabu yake iliishia kwenye shikamoo. "Siku hizi utamaduni ni wa taifa zima."

"Taifa lilichezwa unyago lini? Wanaume wamejaa humu!"

"Mbona hamna neno baya? Anaimba mvua na mtama tu."

"Kwa sababu ameuruka ubeti wa tatu, mjinga yule! Bila huo, wimbo hauna maana."

Akauimba palepale, kwa hasira, neno kwa neno, ili tuone mwanafunzi wake alivyoharibu. Wanawake wakajifunika kanga nyuso. Mimi nikaangalia viatu vyangu, ingawa masikio yalibaki yalipo.

Basi likasimama stendi ya mjini. Hakuna mwanamume aliyeinuka. Kijana ndiye aliyezima redio, bila kuambiwa tena.

"Bibi," alisema polepole, "ubeti huo mwenzio Shamsia alikuwa ameuficha."