Wimbo Mmoja wa Ozella Mabry

Wasikilizaji wapendwa, alasiri moja ya mwaka 1966, hapa Memphis, mgeni aligonga mlango wa jikoni kwa akina Mabry. Kijana wa suti ya kijani. Hakuna aliyemtarajia.

"Umepotea njia, au umenusa kambale wangu?" Mama Corrine alimuuliza, mwiko mkononi.

"Namtafuta Ozella, mama. Yule anayetunga nyimbo."

Ozella Mabry, tunayemkumbuka leo, alikuwa akipiga pasi. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mgeni, Bwana Dupree, alirekodi muziki wa soul na alitaka nyimbo. Ozella alikuwa nazo. Alitunga kama wenzake wote mjini: unachukua wimbo wa kanisani, unamtoa Yesu, unamweka mpenzi mahali pake.

Kisha Dupree akamsikia Mama Corrine, mama yake Ozella, akiimba kifuani, bila maneno, huku akigeuza samaki. "Na huo ni wa nani?"

Ulikuwa wa Ezell, kaka yake Ozella, aliyeuawa na mashine ya kushindilia pamba akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake aliuanza siku alipouosha mwili wake.

"Huu usiuwekee mpenzi, mwanangu," alisema Mama Corrine. "Niahidi."

Ozella akaahidi.

Alitunga nyimbo arobaini. Nyimbo arobaini, wasikilizaji, na tulizicheza harusini bila kulijua jina lake. Halafu watu wakazichoka. Studio ikafungwa. Ozella akapiga deki hospitalini miaka kumi na tisa, mpaka figo zikamshinda.

Desemba iliyopita Dupree alirudi, sasa na mkongojo. Mwimbaji mmoja mkubwa alitaka kuununua wimbo wa Ezell, autie maneno ya mapenzi. Nyumba ya Ozella ilikuwa imekatiwa gesi ya kupasha joto. Alikaa ndani na makoti mawili.

"Mama, Bibi alishafariki," binti yake, Nettie, alimwambia. "Nani atakuuliza?"

"Ezell."

"Mjomba Ezell angekwambia uwashe moto."

Ozella alicheka mpaka akakohoa. "Kweli. Baridi hakuiweza yule. Mpe Bwana Dupree kahawa, kisha umsindikize."

Nimonia ilimchukua Januari. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Nettie, pamoja na ukoo wote wa Mabry, poleni sana. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize: nina kitu gani nisichoweza kukitoa, hata nikitetemeka?

Ninayo kanda ya Ozella akiuimba wimbo ule. Nettie alinipa niusikilize, nikamwahidi sitaurusha hewani. Msimamizi wangu anautaka leo. Amesema nisipoupiga, kipindi hiki ndicho changu cha mwisho.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kwa dakika moja inayofuata msiguse kitu, hata msiposikia chochote. Redio zenu hazijaharibika.