Tairi za Kifurushi cha Pili: Kumuaga Papa Casimir Wilondja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Papa Casimir Wilondja, fundi mkuu wa tairi katika Karakana ya Tuinuane hapa Baraka, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mkurugenzi alipopitia faili alisema ni ishirini na mitatu tu, kwa kuwa minane kati yake Papa Casimir alikuwa mkimbizi ng'ambo ya ziwa, na karakana yenyewe haikuwa na hata mlango. Papa Casimir alikataa katakata. Alisema miaka yote ile minane alikuwa na ufunguo wa karakana mfukoni, na mtu mwenye ufunguo yuko kazini. Mkurugenzi akafunga faili, na sisi tunaandika thelathini na mmoja.

Kazi ya kuandika makala haya nimepewa mimi, Clarisse wa depo, ghala la vipuri, kwa sababu depo yangu na banda lake vinatumia ukuta mmoja. Kwa miaka kumi na sita nimesikia karibu kila alichokisema upande wa pili, pamoja na yale aliyoyasema kuhusu mimi. Nimemsamehe mengi, si yote.

Alianza Juni 1994 akijaza tairi upepo kwa pampu ya mguu. Ufundi hakuusomea shuleni. Aliusomea barabarani, kwa kulala chini ya magari yaliyokwama na kutazama mpira umelika wapi. Mwaka 1998, vita vilipofika, alivuka ziwa na mke wake, Mama Constance, pamoja na binti yao wa pekee, Ketsia, aliyekuwa na miaka kumi. Kabla ya kupanda boti alizika nyuma ya karakana vyuma vyake vya kubandulia tairi na kipimo chake cha upepo, vyote vimezungushiwa mpira wa ndani. Aliporudi 2006 alivifukua siku ileile, hata kabla ya kutafuta pa kulala. Kipimo kilikuwa kizima. Anacho mpaka leo, na ole wako umwambie kinadanganya.

Walirudi wawili, si watatu. Ketsia alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa shule, kwa hiyo akabaki kambini kwa shangazi yake amalize. Mwaka ule mmoja ukaleta ndoa, ndoa ikaleta jina kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi za baridi, na 2012 akaenda. Mama Constance alifariki 2015, na Ketsia hakuweza kuja kumzika mama yake kwa sababu karatasi zake hazikuwa zimekamilika. Papa Casimir hajamwona mwanawe tangu siku aliyopanda boti ya kurudi, 2006. Nalisema mapema ili msomaji ajue tunamuaga nani: fundi hodari kupita wote tuliowahi kuwa nao, na baba ambaye hamu ya mwanawe haijampa likizo hata siku moja.

Kuhusu kazi, nitajaribu kufupisha, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kufupisha. Magari yetu hupeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya afya, na kila upande una barabara yake. Kwenda Nundu ni mchanga wa ufukweni. Kupanda Fizi ni mawe. Kwenda Misisi wakati wa mvua ni udongo mwekundu unaovua viatu. Lubondja inakupa vyote kwa siku moja. Papa Casimir alifundisha kwamba hakuna tairi nzuri, kuna tairi ya mahali. Meno marefu yaliyoachana ni ya matope, kwa sababu yanautema udongo yenyewe. Kwenye mawe meno hayohayo ni hasara: gari linasimama juu ya vidole. Jiwe linataka mpira laini, meno mafupi yaliyokaribiana, na upepo uliopunguzwa ili tairi ilikumbatie jiwe. Ukubwa nao una hesabu yake. Tairi ndogo huacha tumbo la gari likae juu ya jiwe, na kubwa mno hukwaruza bodi, huchosha injini na kulifanya gari lipinduke kwa urahisi.

Kuna mgeni mmoja, jina tunalihifadhi, aliyewahi kutuletea tairi nne za meno makubwa, nzuri hata kuziangalia. Papa Casimir alimwambia haziendi Fizi. Mgeni akapiga nazo picha, akaondoka nazo kwenda Fizi. Tairi mbili kati ya zile zilirudi Baraka juu ya lori la mihogo, na mgeni amekaa katikati yake.

Hapo ndipo ilipoanza desturi ya mawe. Dereva yeyote aliyekwama au kuchana tairi alitakiwa arudi na jiwe kutoka mahali palepale. Papa Casimir aliyapanga nyuma ya banda, kila jiwe kwa jinsi lilivyokaa barabarani, mpaka ikawa kilima kinachofika kifuani. Madereva walinung'unika, lakini walileta. Bertin, ambaye hakubali kushindwa kwa lolote, aliwahi kukaa siku mbili kwenye mpando wa Fizi, akarudi na jiwe lililoshushwa na watu wanne. Liko juu kabisa ya kilima, lina mgongo mwembamba na ubavu uliosimama wima. Sote tunaliita jiwe la Bertin, na Bertin hapendi.

Mwaka 2016 lilifika boksi. Lilikuwa limepitia Kigoma, mikononi mwa mchungaji mmoja, kisha kwenye boti ya mizigo, na juu yake pameandikwa anwani ya depo yangu kwa kuwa Papa Casimir hakuwa na nyingine. Alilinusa kabla ya kulifungua. Ndani, katikati ya soksi za watoto, kulikuwa na kigari cha rimoti, urefu wake kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, chenye springi kila gurudumu. Ketsia alikuwa amepata kazi katika duka linalouza vigari hivyo. Alieleza kwa ujumbe wa sauti kwamba huko watu wazima hukutana kila Jumamosi kuvipandisha juu ya mawe, polepole, na mshindi si mwenye mbio bali asiyepinduka. Nilisikia jibu la baba yake kupitia ukutani: "Bantu bazima banachezea majiwe? Basi bakuye Fizi. Huku majiwe iko bure."

Alicheka, lakini siku ya tatu kigari kilikuwa kwenye kilima. Tukagundua kwamba sheria zake ni zilezile za jipu, gari letu la barabara mbaya. Tairi zilizokuja nazo zilikuwa ndogo, sawa na kopo la tomati. Kigari kilikaa tumbo juu ya jiwe la kwanza kikibaki kuzungusha magurudumu hewani. Papa Casimir akaomba zilizo sawa na kopo la maziwa ya unga, mpira laini, meno mafupi, na sponji ndani ili zisinyong'onyee. Kifurushi cha pili kilichukua miezi mitano. Akazijaribu, akatutangazia kwamba mawe yote yamepandwa isipokuwa la Bertin.

Basi ikaanza safari ndefu ya tairi. Kifurushi cha tatu kilileta meno makubwa, yakateleza. Cha nne kilileta pana, zikakwaruza bodi. Cha tano zilikuwa ndefu hata kigari kikaanguka chali. Kila mara alipiga video, akaituma, akasema: "Bado, mama. Inateleza. Jaribu ya meno mafupi kidogo." Ketsia naye alirudi na maswali yake: "Papa, mupira iko mulaini ao mugumu? Sponji umetia? Na weye, umekula?" Mimi nilikuwa upande wa pili nikihesabu skrubu, na kusikiliza sikukusudia, ila ukuta ni mwembamba. Kati ya meno na sponji waliulizana kama baridi imepungua, kama goti limepoa, kama kaburi la mama limepaliliwa. Zungumzo lililoanzia kwenye tairi lilichukua saa nzima. Akimaliza, Papa Casimir alitoka bandani akiwa mtu mwingine, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumwomba chochote unachokitaka.

Karakana ilifaidika pia, mkurugenzi anataka niliandike hilo. Kila dereva mpya aliwekwa mbele ya sanduku la tairi ndogo na kuambiwa achague za kupandia jiwe fulani, na aseme kwa nini. Kigari kikipinduka, unaosha jipu. Ngabo, aliyekulia kwenye ng'ombe kule milimani, ndiye pekee ambaye hakuosha jipu hata mara moja. Aliulizwa siri yake, akasema yeye huangalia jiwe kwanza na sanduku baadaye. Papa Casimir alimpa mkono mbele yetu wote, jambo ambalo mimi silijui kwa uzoefu. Kwa miaka minne sasa hatujachana tairi hata moja njia ya Fizi.

Machi mwaka huu, tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, alikuja depo akasimama mlangoni. Nilidhani amekuja kuulizia sherehe. Aliuliza jambo moja: "Clarisse, nikiisha kwenda, biboksi bitafikia wapi?" Nikamjibu kwa haraka kwamba vitapelekwa nyumbani kwake, kuna shida gani. Alitazama chini, akasema, "Kwangu hakuna majiwe." Kisha akaenda. Nilijuta kumjibu vile, kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakujua kuwa nakijua.

Miaka mitatu iliyopita nilizunguka nyuma ya banda kutafuta ngazi. Papa Casimir alikuwa amenipa mgongo, rimoti mkononi. Kigari kilikuwa na tairi za kifurushi cha pili, nilizitambua kwa sababu ni mimi niliyezipokea. Kikapanda jiwe la Bertin. Kilipanda taratibu, bila kuteleza hata mara moja, kikasimama juu ya ule mgongo mwembamba. Papa Casimir alikitazama kidogo, akakishusha, akachomoa zile tairi na kuzifunga kwenye kitambaa. Akavalisha zilizokuwa zimefika wiki ile, zenye meno makubwa. Ndipo akatoa simu na kupiga video kigari kikianguka. Mtu ambaye hajawahi kukosea tairi maisha yake yote alikuwa anaitafuta mbaya kwa makusudi, kwa sababu tairi ikishapatikana hakuna tena cha kuomba, na yeye hakujua njia nyingine ya kumwambia mwanawe kwamba anamhitaji. Nilirudi depo bila ngazi. Sikumwambia mtu.

Lakini baada ya lile swali la mlangoni sikuvumilia. Namba ya Ketsia ninayo, kwa sababu ya vifurushi. Nilimwandikia yote, nikamwomba asimkasirikie baba yake. Alinijibu siku iliyofuata kwa sauti, na nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Alicheka kwanza. Halafu alisema, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, na tairi akiiita pineu: "Yaya Clarisse, mi nauzishaka ile bintu kila siku. Pineu ya kupanda jiwe ya Bertin iko ile ya boksi ya pili, minajua tangu zamani. Kisha nikaanza kumutumia ya mubaya. Kama ningemutumia ya muzuri, angeniomba nini tena?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Miaka tisa, vifurushi kumi, baba anaomba tairi asizozitaka na binti anatuma tairi anazojua hazifai, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema zinatosha. Mimi nilikaa katikati nikitia sahihi ya kupokea.

Papa Casimir, najua unasoma haya hapa kwenye sherehe ya kukuaga, ukiwa umekaa kiti cha mbele, miwani umeishusha puani, ukitafuta kosa. Acha kutafuta. Kifurushi cha kumi na moja hakitatumwa. Karatasi za Ketsia zimekamilika mwezi wa tano. Tarehe 12 Agosti anapanda boti Kigoma, yeye na watoto wake wawili, na tairi anazileta mwenyewe mkononi. Aliniomba nisikwambie, na mimi sikukwambia, nimeandika.

Madereva nao wana neno lao, ndiyo maana leo hukuona mawe nyuma ya banda ukadhani tumeyatupa. Bertin na Ngabo waliyapeleka kwako asubuhi hii ulipokuwa kanisani na suti yako, na wameyapanga uani kwa mpangilio wako uleule, jiwe la Bertin juu. Likikaa vibaya, waite warudie.

Kwa niaba ya wote wa Tuinuane, asante kwa kila gari lililofika. Tutakukosa, na mimi nitaukosa ukuta. Sasa nenda kwenye meza ile yenye kitambaa cheupe. Kigari kiko hapo, na kile kitambaa ulichofungia tairi za kifurushi cha pili, ambacho nimekichukua bila ruhusa, kiko pembeni yake. Valisha zile tairi, twende wote kwako, ukipandishe mbele yetu. Simu ya Ketsia itakuwa wazi. Huna tena sababu ya kuteleza.

Tunakutakia mapumziko mema, na ziwa tulivu tarehe 12 Agosti.