Programu ya Bure ya Mama Ndanu

Mbele ya ofisi ya kupiga chapa ya Mwelu, mjini Matuu, kulikuwa na benchi refu la ubao uliobanduliwa kwenye lori bovu, na pembeni yake meza ya Maryan, aliyeuza kahawa ya tangawizi kuanzia saa moja asubuhi. Benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na Josphat, fundi wa redio, ambaye mji mzima ulimwita Waya. Kulikuwa na Justus, aliyestaafu ukarani wa mahakama akabaki na koti la kazi na jina la Wakili. Na kulikuwa na mzee Dayib, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyeitwa Mizani kwa sababu alimtazama fahali mara moja tu akakutajia kilo zake. Jumatatu moja ya Machi, mwaka wa 2005, Mwelu mwenyewe, ambaye benchi lilimwita Mama Ndanu, alitoka ndani akaketi nao saa za kazi. Hilo halikuwa kawaida yake. Maryan alimmiminia kikombe bila kuulizwa, maana alijua kuna neno.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kwa miaka kumi Mwelu alipiga chapa kwa taipureta. Mwezi wa kwanza aliiuza taipureta hiyo, akaongezea akiba yake, akanunua kompyuta ya mtumba Nairobi. Muuzaji alimhakikishia kwamba ina kila kitu. Hakumwambia kwamba programu ya kuandikia iliyokuwamo ilikuwa ya kujaribu tu, ya siku sitini. Siku hizo ziliisha Jumamosi. Sasa mashine ilikubali kumfungulia kazi zake azitazame, lakini haikumruhusu kuongeza hata nukta, wala kuchapisha ukurasa mmoja. Humo ndani mlikuwa na mitihani ya shule nne za upande wa Ndithini, imeandikwa nusu, na ilitakiwa kesho jioni. Programu halisi, ile ya kununua dukani, bei yake ilizidi ya kompyuta yenyewe. Mwaka uliopita shule mbili zilikuwa zimemhama zikaenda kuchapisha Thika. Hizi nne nazo zikiondoka, angefunga mlango.

Aliwaeleza hayo akitazama kikombe chake. Alipomaliza, benchi lilichangamka kama limepewa kazi ya serikali.

Waya alisema dawa ni kurudisha kalenda ya mashine nyuma, idhani bado ni Januari. Mwelu akamwambia amejaribu hilo tangu jana. Mashine ilikuwa na kumbukumbu kuliko yeye. Basi, Waya akasema, anayo sidii moja aliyoletewa na binamu yake Lenny anayesoma chuo kikuu. Ina programu ya ofisi nzima, ya kuandika barua na kupiga hesabu, na ni ya bure kabisa, tena iko kwa Kiswahili.

— Bure? Dayib aliuliza. Mimi mtu akinipa mbuzi bure, namuuliza kwanza ameugua nini.

Wote wakakubali kwamba hilo ni swali la maana, na sidii ikaachwa hapo hapo.

Wakili akachukua nafasi. Alionya kwamba programu za kunakili ni kesi. Alikuwa amesikia kuna wakaguzi wanaozunguka na gari lenye mlingoti juu, na mlingoti huo hunusa programu ya wizi kutoka barabarani, hata duka likiwa limefungwa. Kuna mtu huko Thika, alisema, walimchukulia kompyuta, meza, kiti na pazia. Maryan akauliza pazia lilikuwa na kosa gani. Wakili akasema lilikuwa kielelezo.

Dayib aliona wanapoteza wakati. Kwake jambo lilikuwa rahisi: wafanyabiashara wa mtaa mzima wachange, wanunue programu moja halisi, halafu izunguke kwa zamu kutoka duka hadi duka, kama fahali mzuri anavyozungushwa kwa majirani. Waya akalidaka wazo hilo akalipandisha. Haina haja kuzunguka, alisema. Ifungwe kwa Mama Ndanu, na yeye Waya atapitisha waya juu ya mabati hadi kwa muuza dawa, kwa fundi cherehani na kwenye bucha, kila mtu aivute kwake. Hata Ekalakala ingefika, nguzo zikipatikana. Wakili akasema Ekalakala ni mbali. Njia ya kisheria ni Mwelu aiandikishe ofisi yake kama kanisa, kwa kuwa makanisa hupunguziwa bei. Dayib akasema yeye ni Mwislamu na hawezi kuketi kila siku kwenye mlango wa kanisa. Wakaanza kutafuta dini ambayo ingewafaa wote wanne.

Mwelu alijikuta anacheka. Ni katikati ya kicheko hicho alipomwona Mwalimu Kalunde akivuka barabara na bahasha kubwa kwapani. Kalunde alikuwa mwalimu mkuu wa mojawapo ya zile shule nne, na ndiye aliyewashawishi wenzake watatu wamletee Mwelu kazi. Mwelu akasimama.

— Mwalimu, mitihani haiko tayari, alisema kabla ya salamu. Mashine imekataa tangu juzi. Nilikuwa natafuta njia ya kukuambia.

Kalunde alimtazama, akalitazama na benchi. Hakukasirika. Aliketi mahali Mwelu alipokuwa ameketi, akapokea kahawa, akaomba aelezwe. Walimweleza wote kwa pamoja: kalenda, mlingoti, fahali, nguzo za Ekalakala, kanisa. Waya alitaja na sidii yake, kwa sauti ya chini.

— Na hiyo ya bure, Kalunde aliuliza, kuna mtu hapa ameijaribu?

Wakili alirekebisha koti lake. Dayib akazungusha kikombe. Waya mwenyewe alikiri kwamba kwake hakuna kompyuta, ana redio tu.

— Sasa mnaikataa kwa nini?

Waya aliondoka mbio kwenda kuileta.

Kuiingiza kulichukua karibu saa nzima, maana mashine ilikuwa na umri wake. Benchi zima lilikuwa limehamia ndani, na Maryan amesimama mlangoni na birika mkononi. Hatimaye ukurasa mweupe ukafunguka, na juu yake safu ya maneno. Programu ya zamani ilikuwa ya Kiingereza, na Mwelu aliijua kwa kukariri: neno la tatu kutoka kushoto hufanya hivi, la pili kutoka juu hufanya vile, na kila siku alihofia kubonyeza lisilofaa. Sasa aliyasoma kwa sauti, moja moja, kama anayesoma majina ya watu anaowajua. Jalada. Hariri. Hifadhi. Nakili. Bandika.

Wakili alisema jalada ni neno la mahakama, na kwamba kwa mara ya kwanza anaona mashine yenye adabu. Dayib alishikilia kwamba hariri ni kitambaa, kinauzwa Eastleigh, na akashangaa kinatafuta nini pale. Maryan alifurahia bandika kuliko wote, akasema hilo neno yeye hulifanya kila asubuhi na birika lake.

Jaribio lenyewe lilikuwa kuifungua mitihani. Ilifunguka. Majedwali ya Hisabati yalikuwa yamepinda, na picha ya ng'ombe wa somo la Sayansi ilikuwa imehamia kwenye Insha, lakini kila neno lilikuwepo, na Mwelu aliporudisha kidole kwenye herufi, herufi ikatokea. Kalunde akamshika bega.

— Twende kazi, mwaitu, mama yangu, Kalunde alisema. Mimi nitasoma, wewe uandike.

Aliwafukuza wanaume warudi benchini, akatoa karatasi kwenye bahasha, akaanza kusoma maswali. Walinyoosha majedwali, wakamrudisha ng'ombe kwenye Sayansi. Kufikia saa tisa printa ilikuwa inalia, na nakala za kwanza zilitoka zikiwa bado na joto. Kalunde alizikagua akakuta kosa moja tu, na kosa hilo lilikuwa lake. Alipoondoka alisema shule ya tano imekuwa ikimuuliza kuhusu mpiga chapa, na hatakuwa na aibu kuwaelekeza.

Mwelu alikuwa akifagia vipande vya karatasi Dayib alipoingia peke yake, ametoka kuswali. Kwa miaka sita mzee huyo alikuwa akimjia na barua kichwani, anamtamkia naye anaandika. Leo alisimama nyuma ya kiti.

— Mama Ndanu, alisema, mimi nilifika darasa la nne. Kiswahili nasoma. Unaweza kunipatia hicho kiti kwa muda kidogo?

Mwelu alimwachia kiti, akaenda kujishughulisha na ufagio upande wa pili. Alisikia kidole kimoja kikigonga, kikitulia, kikigonga tena. Muda ulipita. Kutoka nje sauti ya Waya ilisikika ikimwambia Maryan kwamba binamu yake ni wa kuandikwa gazetini. Dayib alikuwa akitafuta neno juu ya ukurasa, midomo ikitembea, na Mwelu alijizuia asimwonyeshe.

— Chapisha, mzee alisoma. Akabonyeza.

Karatasi ilitoka ikiwa na mistari miwili. Dayib aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma mwanzo hadi mwisho, kisha akampa Mwelu aione. Ilikuwa ya kwenda kwa binti yake Fathia, aliyekuwa chuo cha ualimu Garissa: Fathia, ng'ombe wazima na sisi wazima. Hii barua hakuna mtu ameniandikia.

— Kuna mahali nimekosea? aliuliza.

Mwelu alisema hapana, akaanza kumtafutia bahasha.