Rimoti ya Jairo Haifiki

Benchi la kahawa la Pasiansi, kando ya ziwa, ni ubao wa mtumbwi chakavu uliolazwa juu ya mawe mawili, na tatizo likifika pale huingia dogo likatoka kubwa. Asubuhi hiyo lilikuwa la Jairo. Alikuja na rimoti mfukoni, macho mekundu, akapokea kikombe kwa Ngosha muuza kahawa, akakaa. Kisa chake kila mtu alikijua. Yeye na kaka yake Nathaniel wana nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, na king'amuzi kimoja tu. Kiko sebuleni kwa kaka, na waya umevutwa uani mpaka kwenye televisheni ya Jairo. Kaka akiweka kwaya, Jairo anaona kwaya. Waliishi vizuri hivyo mpaka mama yao alipofariki, Jairo akiwa kisiwani kwenye dagaa, simu haishiki, na Nathaniel akazika bila kumsubiri. Tangu hapo, ni miezi sasa, hawasemeshani. Jairo ametoboa uzio wa nyuma ili asipite mlangoni kwa kaka yake. Kilichobaki kati yao ni ule waya.

— Mieleka, alisema Jairo. Tangu juzi ni mieleka tu. Usiku mieleka, alfajiri mieleka. Ananikomoa. Anajua siipendi.

— Si utafute rimoti yako? aliuliza Okeyo wa bodaboda, waliyemwita Satelaiti.

— Hii hapa, nimeinunua mjini. Nasimama dirishani kwangu, dirisha lake liko wazi, taa ya king'amuzi naiona kabisa. Nabonyeza, wapi! Haifiki.

— Betri?

— Mpya.

Satelaiti aliielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kikawaka kinuru cha zambarau.

— Mwanga unatoka. Ila hauna pumzi, mzee.

— Unachoka njiani, alisema Mihayo, aliyewahi kulinda geti la kiwanda kule Nyakato akarudi na cheo cha Injinia. Uani kwenu jua kali, linaumeza. Chukua karatasi ya fedha, ile ya kufungia chipsi, tengeneza mdomo wa tarumbeta, uivalishe rimoti puani.

— Tarumbeta ya nini, Injinia? alipinga Satelaiti. Aweke kioo juu ya lile jiwe kubwa la pale uani. Mwanga ugonge jiwe, ukunje kona, uingie kwa Nathaniel.

— Kioo cha dukani kidogo hicho, alijibu Injinia. Ziwa lote lile si kioo? Apige kuelekea ziwani, maji yaurudishe na nguvu mpya.

— Ukirudi hivyo, Ngosha alidakia, utabadilisha chaneli za Ukerewe nzima!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Jairo hakucheka. Alikuwa amechoka, na kilichomchosha hasa ni kukasirika. Miezi yote hiyo kaka yake alikuwa akizima king'amuzi mara tu habari za usiku zikiisha, na Jairo naye akizima televisheni yake, akalala. Hakumwambia mtu kwamba ndivyo walivyokuwa wakiagana. Sasa hata hilo Nathaniel kamnyima.

— Au panda barazani kwake, alisema Satelaiti. Pale dirishani utafika tu.

— Baraza lile sikanyagi. Niliapa kwenye kaburi la mama.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja na chupa ya chai mkononi, akitaka ijazwe kahawa. Ni Selestina, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alisubiri chupa yake huku akiwasikiliza, kisha akasema kwa upole:

— Samahani, baba. Kwani huyo kaka yako mwenyewe anapenda mieleka?

Injinia aliweka kikombe chini.

— Hapana, Jairo alijibu taratibu. Yeye mzee wa kanisa. Mieleka ikianza tu, anahamisha. Anasema ni dhambi kufurahia mtu akiumizwa.

— Sasa mbona hajahamisha?

Ngosha aliacha kugonganisha vikombe.

— Na mke wake, shemeji Gladness, yuko? Injinia aliuliza, sauti imeshuka.

— Yuko Musoma. Binti yao kajifungua.

— Na Nathaniel je, nani kamwona jana? Injinia aliendelea.

Satelaiti alimtazama Ngosha. Ngosha alimtazama Injinia. Injinia akatazama chini.

— Na juzi? Selestina aliuliza.

Jairo alikuwa ameshasimama. Rimoti aliiacha palepale kwenye benchi. Alianza kwa kutembea, kisha akakimbia, na hakwenda kwenye kijia chake cha nyuma. Alipita mbele, kwenye lango ambalo kwa muda wote huo alilikwepa, wenzake wakimfuata. Akapanda baraza. Viatu vya kaka yake vilikuwa mlangoni, vimepangwa vizuri. Dirishani ilitoka kelele ya umati wa mieleka, ukimshangilia mtu aliyemwangusha mwenzake.

— Hodi, alisema Jairo. Kaka, hodi. Ni mimi.

Akasikiliza. Umati ukashangilia tena. Akaanza kugonga kwa mikono yote miwili.