Mzee Muhidini na Katuni Iliyoanzia Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Muhidini Anwari, mtunza stoo wetu, anakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Mbeya. Nimeombwa niandike mafanikio yake. Nimekubali, ingawa lile kubwa kuliko yote bado sijui kama ni fanikio au ni kosa, na ofisi nayo haijui.

Alianza mwaka 1993 kama mpakiaji. Amepeleka madaftari Chunya na kalenda Madibira, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala mzigo wake ukichelewa. Hilo nalo hatujalielewa. Alimtania kila mtu, meneja akiwemo, na alipotaniwa yeye alijifanya hasikii.

Sasa tuje kwenye katuni. Mwaka juzi mchoraji wetu, Tekla, alitoa katuni ya sehemu tatu isiyo na neno hata moja, wala namba kwenye jalada. Katika ya kwanza, mama na bintiye wanapika kwenye nyumba iliyo juu ya mawingu. Katika ya pili, mama yuko mgongoni mwa ndege mkubwa, anapita kwenye ukungu mtupu. Katika ya tatu, binti yuko peke yake, anawasha moto na kutazama mlangoni. Tekla alikuwa amemzika mama yake mwaka huohuo, kwa hiyo hatukuhitaji maelezo.

Wasomaji wa Mbeya walipata kila sehemu ilipotoka mashineni. Maboksi ya Iringa yalisubiri gari, yakirundikwa stoo moja juu ya jingine. Gari lilipopatikana, Mzee Muhidini akawa anapeleka boksi moja kila mwezi, akianza na la juu. La juu lilikuwa sehemu ya mwisho.

Basi Mbeya wakawa wanatuma pole, Iringa wanatuma pongezi. Meneja akadhani watu wa Iringa hawana huruma. Ukweli ulipojulikana, Tekla alilia kwa hasira, akataka nakala zote zirudishwe. Mzee Muhidini, siku hiyo bila utani wowote, akamwomba radhi, wakapanda basi pamoja kwenda kuzifuata.

Kule Iringa, mtaa wa Kihesa, walianzia kwa Bi Severina, fundi cherehani anayewaazima wateja katuni hiyo wakisubiri nguo. Tekla akamweleza kwa upole kwamba yule mama ameondoka na harudi. Bi Severina, asiyejua anaongea na nani, akamwonea huruma.

"Wewe dada hujaiangalia vizuri," akasema. "Si huyu hapa, yuko jikoni na mwanawe? Karudi huyu."

Tekla akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza na binti aliye peke yake, akaenda polepole mpaka jikoni. Hakurudisha nakala hata moja. Tulipochapa tena, meneja alimuuliza namba ziwekwe vipi, akajibu zisiwekwe kabisa. Hadi leo msomaji akipiga simu kuuliza ipi ni ya kwanza, hatujui tumjibu nini.

Mzee Muhidini, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kutuchanganya. Tekla ameniomba nikufikishie maneno yake: kwamba mama yake alikuwa hajawahi kurudi nyumbani mpaka wewe ulipokosea.

Nenda ukastarehe, mzee wetu. Mungu akupe afya na umri mrefu.